Sauti Imepona, Wimbo Unataka Kikohozi

Mpendwa Bi Noeline,

Najua wengine wakikuandikia hapo gazetini huanza kwa kusema wanaumwa au wameachwa, mimi naanza kwa kusema nimepona, na hiyo ndiyo shida yenyewe, tafadhali usiitupe barua hii kabla hujafika mwisho maana sijamwambia mtu yeyote, hata baba wa mtoto wangu.

Nina miaka ishirini na mbili na binti mmoja, Ngaio, ana miezi kumi na minne na meno sita, ameanza kutembea na anacheka kila akiona kuku. Naimba na kupiga gitaa la besi kwenye bendi ya watu watatu hapa Dunedin, inaitwa Kabati la Maji Moto, jina tulilitoa kwenye lile kabati la tangi la maji moto nililokuwa nakaushia nepi nyumba tuliyokaa zamani. Corin anapiga gitaa, Tavita anapiga ngoma na kutuchekesha. Hatuna kampuni nyuma yetu, kila kitu tunafanya wenyewe, vyombo tunabeba kwenye gari la samaki la mjomba wake Tavita, kwa hiyo ukija kutusikiliza ukasikia harufu usishangae.

Mwaka jana mwezi wa Juni, Ngaio akiwa na wiki tano, tulirekodi wimbo wangu wa kwanza kuutunga mimi mwenyewe, unaitwa "Birika", ni mama anasubiri maji yachemke na hajui leo ni siku gani. Tulirekodi kwenye gereji ya baba yake Corin kule Port Chalmers, na wakati huo nyumba tuliyopanga kuta zilikuwa zinatoka jasho majira yote ya baridi, nilikuwa na kikohozi cha mwezi mzima, sijalala, maziwa yamelowesha fulana, nikaimba mara moja tu kwa sababu mtoto aliamka, na sauti ilitoka imekwaruzika vibaya, katikati ikakatika kabisa halafu ikarudi. Nikasema samahani jamani, turudie. Corin akanitazama akasema, "Turudie nini? Usiguse kitu."

Redio ya wanafunzi wakaupiga, wakaupiga tena, watu wakaanza kutuandikia mpaka kutoka mbali kule Invercargill, mmoja akasema sauti yangu ni kama mlango wa banda la kondoo na kumbe alikuwa ananisifia. Mwisho akatuandikia bwana mmoja wa Auckland mwenye kampuni ndogo ya santuri. Sasa santuri imeshatoka kiwandani, nimeishika, ina "Birika" upande mmoja, uzinduzi ni Jumamosi ya tarehe ishirini na mbili na yule bwana anapanda ndege kuja kutuona kwa macho yake, akituridhia tutatengeneza albamu nzima.

Sasa ndio nafika kwenye shida. Februari tulihamia Mosgiel, pembeni ya mji, kwa mama mkwe wangu Glenys, nyumba yake kavu, ina mashine ya joto ukutani, Ngaio akaanza kulala usiku kucha na mimi nikaanza kulala usiku kucha, kikohozi kikaondoka, nikanenepa kwa mikate ya jibini anayoiviringisha Glenys na kuipaka siagi pande zote, na Lachie, baba wa mtoto, amepata kazi ya kudumu kiwanda cha mbao, yaani Bi Noeline kwa kweli nina raha, asubuhi najikuta naimba kabla sijafungua pazia. Na sauti imerudi ile niliyokuwa nayo kwaya ya shule ya msingi, safi, nyororo, haina mkwaruzo hata mmoja.

Aprili tulipiga kwenye baa moja, ilijaa, tulipoanza "Birika" mwanamke wa mstari wa mbele akamwambia mwenzake, "Huyu siye. Yule wa redioni yuko wapi?" Mwenzake akamjibu, "Labda huyu mdogo wake." Nilisikia yote na kipaza sauti kiko mdomoni. Nikaumaliza wimbo macho yakiwa kwenye viatu.

Tukiwa tunapakia vyombo Corin akasema, "Sijui, leo kuna kitu hakikuwepo."

"Kitu gani?"

"Kile cha kwenye rekodi. Sijui. Achana nayo."

Tavita naye akaingilia, "Dada, leo umeimba kama mtu aliyemkanyaga mwenzake kwenye basi. Samahani, samahani, samahani."

"Nyamaza, beba ngoma yako."

"Nabeba. Lakini mimi simwombi mtu radhi, unaniona?"

Nilicheka, lakini nilipofika nyumbani nikalia bafuni.

Bi Noeline, naungama. Siku ya onyesho lililofuata nilichukua gari mchana nikaenda ufukweni Tomahawk, mvua inanyesha, hakuna mtu, nikapandisha vioo vyote nikapiga mayowe dakika ishirini mpaka koo likawaka moto. Ngaio alikuwa kiti cha nyuma maana siku ile Glenys alikuwa kwa daktari wa meno. Mwanzo alilia, halafu akanyamaza akawa ananitazama tu kwenye kile kioo cha juu. Jioni ile sauti ilitoka kama ya kwenye rekodi, imechanika vilevile, watu walisimama kimya hata glasi hazikugongana, Corin akanikumbatia palepale jukwaani, "Umerudi!" Lachie akaniambia, "Mpenzi, leo umewaliza mpaka wanaume wa bandarini." Nikasema ndiyo, leo nilijisikia vizuri. Nimeshafanya hivyo mara nne sasa, Ngaio akiwa nyuma, wote wanadhani sauti inakuja yenyewe siku ikiwa nzuri.

Lakini kuna mambo mawili. La kwanza, Ngaio sasa ukimfunga mkanda tu kwenye kile kiti chake cha garini, anafumba macho anapiga mayowe, halii, anapiga mayowe, akimaliza anatabasamu. Anadhani ndicho watu wanachofanya wakipanda gari. Glenys aliniuliza, "Huyu mtoto amejifunza wapi hii? Nilimpeleka dukani, watu wakadhani namwiba." Nikajifanya sijui.

La pili linaniuma. Wiki iliyopita nilikuwa namlaza mchana, nikaanza kumwimbia wimbo wetu wa kuku, sauti ikatoka ile mbovu. Akanitazama sana, akaleta kiganja chake akaniziba mdomo. Hakulia. Aliniziba tu, akalala hivyohivyo mkono uko mdomoni kwangu.

Mimi shule niliacha mapema, kazi niliyoijua ni kukunja mashuka kwenye hoteli ya wageni, hiki ndicho kitu pekee nimewahi kukifanya watu wakasogea karibu. Nikiimba kwa sauti yangu yule bwana wa Auckland ataona amepanda ndege bure na Corin na Tavita watakosa albamu kwa ajili yangu. Nikipiga mayowe koo linauma na mtoto hanitaki. Najua nikipata neno lako nitajua la kufanya, maana naamini kabisa mambo yatakuwa mazuri, ila sioni mlango uko wapi. Nisaidie, zimebaki siku kumi na saba.

Mama Ngaio, Mosgiel

*

Mama Ngaio,

Kwanza nimebadilisha majina yote, la bendi pia, na rangi ya nywele niliifuta kabisa. Umesema hujamwambia mtu yeyote, kisha ukaandikia gazeti na ukataja mpaka gari la samaki. Mungu akulinde, mwanangu, siri hujui kuitunza, na hilo linanipa matumaini.

Pili, mayowe yameisha leo. Sisemi upunguze, nasema yameisha. Nimeimba sauti ya pili katika kwaya ya kanisa miaka thelathini na moja, nimewaona waimbaji wazuri kuliko wewe wakipoteza koo kwa ujinga mdogo kuliko huo, na wengine hawakulipata tena. Siku tano zijazo ongea kidogo, kunywa maji, usinong'one pia maana kunong'ona nako kunalichosha koo. Mkwaruzo ukiendelea wiki mbili, au maumivu yakizidi, nenda kwa daktari umwambie ukweli wa ufukweni. Atashangaa, lakini hatakula mtu.

Sasa nikugombeze vizuri. Umewabebesha Corin na Tavita lawama ya jambo wasilolijua. Nani kati yao alikwambia uharibu koo? Nimesoma barua yako mara tatu, sikumwona. Corin alisema kuna kitu hakikuwepo, tena akasema hajui ni nini. Wewe ndiye uliyeamua ni kikohozi. Umemnyima mwenzako nafasi ya kukwambia "acha", halafu unamwonea huruma kwamba atakosa albamu. Hiyo si huruma, huko ni kumdanganya mtu huku unampapasa mgongo.

Mwenye masikio kwenye bendi yenu ni mpiga ngoma. Ulimwona anatania, kumbe alikwambia jambo lote. Ulisikia maneno ya wanawake wawili, ukaanza kuimba kwa kuomba radhi. Radhi ya nini? Ya kulala? Ya kuishi penye joto? Unaonekana unaona haya kwamba umepata nafuu, kana kwamba umewaibia wasikilizaji kitu chao. Yule mama wa kwenye wimbo hajui ni siku gani. Wewe sasa unajua. Basi mwimbe kama mtu unayemkumbuka na kumpenda, usijaribu kuwa yeye tena. Sauti safi inaweza kabisa kusimulia siku mbaya. Mazishini tunaimba kwa sauti safi na watu wanalia.

Haya, kazi. Ulirekodi ukiwa mgonjwa, kwa hiyo nina hakika mliupanga wimbo chini, mahali ambapo koo bovu liliweza kufika. Sasa mko palepale na koo zima, ndiyo maana unasikika kama mtoto aliyevaa koti la baba yake. Mwambie Corin mpandishe wimbo, hatua moja, mbili, tatu, mpaka ufike mahali ambapo na wewe unalazimika kuufukuzia kidogo. Mambo ya magitaa ya vijana siyajui, lakini hilo nalijua.

Kabla ya hapo, mwambie yote. Mchana, chai mezani, Tavita awepo. Sema, "Ile sauti nilikuwa naipata kwa kupiga mayowe garini." Tavita atasema kitu cha kipumbavu. Mwache aseme. Lachie naye umwambie siku hiyohiyo, asije akaipata habari kwa mpiga ngoma. Na Glenys pia, anayekutunzia mtoto na kukuviringishia mikate ya jibini, anastahili kujua kwamba mjukuu wake hana wazimu.

Kisha yule bwana wa Auckland. Mtarekodi "Birika" ya sasa kwa simu tu, mumtumie kabla hajapanda ndege, mumwandikie: hivi ndivyo tunavyoupiga siku hizi. Asipoupenda, ni heri ujue akiwa bado kwake. Fikiria mwanangu, albamu nzima ni nyimbo kumi. Utapata wapi vikohozi kumi? Akiwa anataka ile sauti peke yake, hana haja na bendi, ana haja na mtu mgonjwa, na mtu huyo hayupo tena, tunashukuru. Lakini mtu anayetengeneza santuri siku hizi hafanyi hivyo kwa kutafuta utajiri. Nadhani anapenda nyimbo. Na wimbo ni wako, ukiwa na kikohozi au usipokuwa nacho.

Kuhusu Ngaio. Hakukukataa. Alisikia mama yake anaumwa, akaweka mkono mahali panapouma, kama unavyomfanyia wewe akijigonga. Koo likipona, kila ukimfunga mkanda mwimbie wimbo wa kuku kabla gari halijawaka, kila safari, bila kuruka. Mayowe atayasahau ndani ya mwezi. Pengine miwili, maana anaonekana ameyapenda.

Jumamosi ya uzinduzi, mpe Glenys mtoto saa saba mchana, weka simu chumba kingine, lala mpaka saa kumi. Kisha ule, uvae vizuri, na kabla ya "Birika" uwaambie watu kwa sentensi mbili tu kwamba uliurekodi ukiwa na kikohozi na mtoto wa wiki tano, na kwamba sasa mtoto anatembea. Usiongeze samahani. Uimbe.

Mimi tiketi nimeshanunua, nitakuwa nyuma kabisa karibu na mlango kwa sababu ya magoti yangu. Nikisikia mkwaruzo hata mmoja wa kujitengenezea, nitapanda jukwaani nikuzibe mdomo mwenyewe, na mkono wangu ni mkubwa.

Bi Noeline