Nyanya Bila Nyongeza

Mdogo wangu,

Natumai wewe na watoto ni wazima. Huku kumetulia mno. Fundi saa anafungua kibanda asubuhi na kusinzia papo hapo, na ukinunua sufuria mpya, mtaa wa pili wanakuuliza utapika nini. Uliniuliza kama sijauchoka mji huu. Nilikuwa nimeuchoka, mpaka leo.

Mwezi uliopita niligundua uvimbe kwenye titi. Usinikasirikie, sikumwambia mtu. Nilienda hospitali ya mbali nikaaga kwamba nafuata vitambaa vya kushona. Leo nimepewa majibu: si saratani. Niliposhuka kwenye basi nikapitia kwa mama muuza nyanya. Akanitajia bei.

"Kwa nyanya hizi zilizobonyea?" nikamwambia. "Hebu punguza, mama."

Akaniangalia, kisha akamwita mwenzake wa vitunguu. "Njoo usikie. Fundi cherehani wetu amebishana bei."

Wakacheka huku wanajifuta machozi. Kumbe mwezi mzima nilikuwa nalipa chochote ninachotajiwa bila neno, na soko zima likajua nina jambo zito. Hakuna aliyenihoji. Waliniongezea tu nyanya mbili tatu kila nikigeuka, nami nikidhani kikapu kinanilemea kwa sababu ya ugonjwa.

Leo mama wa nyanya hakunipunguzia bei, na nyongeza hakutia hata moja. Nimerudi nyumbani na kikapu chepesi, nikicheka peke yangu barabarani.

Wasalimie wote.

Ni mimi dada yako, mbishi kama zamani.