Haya Si Ndiyo

Jumamosi, Oktoba. Cheyo, Tabora.

Joto limekalia bati tangu asubuhi na mvua haina hata dalili. Mjomba amejilaza sebuleni kwenye mkeka, anadhani nampikia. Sipiki. Nimekaa jikoni na simu naandika hapa, kwa sababu nikitoka atataka jibu na jibu ninalo.

Wanaonisoma siku zote wanajua mimi ni mtu wa shaka. Mtu akinichekea sana nashika mkoba. Darasani wanafunzi wameniita Mwalimu Una-Hakika, maana ndilo swali langu kwa kila kitu, hata mtu akisema jina lake. Kwa hiyo msinione wa ajabu nikisema kwamba wale watu wa hewa sikuwaamini tangu siku ya kwanza.

Watu wa hewa ni jina walilopewa kijijini kwa mjomba, huko msituni, mbele ya Usoke. Walikuja mwezi wa sita na gari jeupe, wakiwa na mwanasheria kutoka ng'ambo, kijana mpole, shati limeloa jasho mgongoni. Walihitaji mkalimani. Mtu akawaelekeza kwangu, mwalimu wa Kiingereza, tena mpwa wa mwenyeji. Nikaenda.

Mwanasheria alieleza vizuri, siwezi kumnyima haki yake. Alisema dunia inazidi kupata joto, nchi zimekaa pamoja zikaandika mkataba, na mkataba unaruhusu wanaochafua hewa huko kwao walipie misitu ya huku isikatwe. Akasema pia kwamba kwa sheria za kimataifa wenyeji lazima waulizwe kwanza, kwa hiari yao, wakiwa wameelezwa mpaka wakaelewa. Wakikataa, basi. Hapo nilimpenda kidogo.

Watu walicheka lakini. Kuuza hewa! Nchi hii tumekuwa na watumishi hewa na wanafunzi hewa, majina ya watu wasiokuwepo, sasa kuna wateja wa hewa yenyewe. Mjomba wangu Maganga alicheka mpaka akafuta machozi.

Leo hakuwa anacheka. Amefika na basi la asubuhi, amebeba dumu la asali na bahasha. Nimemwamkia shikamoo, akaitika marahaba bila kunitazama, akaniwekea bahasha mkononi hata kabla ya kukaa. Anasema kwenye mlango wa ofisi ya kijiji wamebandika tangazo: kuanzia mwezi ujao ni marufuku kuingia na moto katika msitu wa mradi, na mizinga yote ya nyuki iondolewe.

Mjomba ana mizinga huko tangu baba yake. Asali hairinwi bila kienge, ule mwenge wa majani makavu unaotoa moshi wa kuwatuliza nyuki. Ukimkataza kienge umemkataza nyuki, na ukimkataza nyuki sijui mjomba ni nani tena. Hana ng'ombe. Tumbaku aliiacha ilipomharibu kifua.

Nilipandwa na hasira, jamani. Huko kwao viwanda havijazimwa hata kimoja, ila moshi wa mzee mmoja chini ya mti ndio utakaounguza dunia? Nikasema nilijua! Nikasema mji huu umeshapokea wageni wenye karatasi tangu enzi za misafara ya pembe, na kila karatasi ilisomwa kwa tabasamu. Nilisema mengi. Mjomba alinisubiri nimalize.

"Wameandika kwamba tumekubali," akasema. "Mwanangu, nisomee. Nani kasema tumekubali?"

Ndani ya bahasha kulikuwa na mihtasari miwili ya ule mkutano. Wa kwanza ni wa Kiswahili, mwandiko wa katibu wa kijiji. Mstari wa mwisho unasema: wananchi walijibu haya, wamesikia. Wa pili ni wa Kiingereza, umechapwa. Unasema wananchi waliridhia kwa kauli moja. Na chini yake kuna onyo kwamba pakitokea utata kati ya lugha mbili, Kiingereza ndicho kitakachofuatwa.

Chini ya onyo kuna saini ya mkalimani.

Ni yangu.

Nimemwambia mjomba ngoja nisome vizuri, nikakimbilia jikoni.

Nakumbuka dakika yenyewe. Mwanasheria alimaliza, akauliza kama wanakubali, nikatafsiri. Mjomba akasimama kwa niaba ya wazee, akasema, "Haya. Tumesikia." Na umati ukaitikia, "Haya."

Nani asiyejua haya? Mwambie mtoto akaoge, akijibu haya ujue bado yupo yupo. Kwetu mgeni akimaliza kusema unampa haya ili asione aibu, ale, aende zake. Jibu lenyewe huja baadaye, watu wakishakwenda nyumbani wakabishana na wake zao. Hilo nalijua tangu nina miaka minne.

Lakini mwanasheria alinigeukia, kalamu iko tayari, akauliza: ni ndiyo? Alikuwa amenisifia Kiingereza changu njia nzima. Wali wa wageni ulikuwa unapoa. Dereva ameshawasha gari. Nami sikutaka kuonekana mkalimani anayehitaji nusu saa kueleza neno moja. Nikamjibu ndiyo. Baadaye mjini wakaniletea karatasi, nikatia saini nimesimama, mlangoni.

Miezi minne nimewashuku watu wote. Nimemshuku katibu, dereva, yule kijana mpole, na mataifa yote yaliyokaa kuandika mkataba. Una hakika, una hakika. Mimi mwenyewe sikujiuliza hata mara moja.

Na sheria ilikuwa na mlango! Ilisema waulizwe. Waliulizwa. Mlangoni nilikaa mimi.

Mjomba hajui Kiingereza. Nikimwambia kampuni imeghushi ataamini, na kijiji kizima kitaamini, kwa sababu ndivyo walivyotarajia. Nimelifikiria hilo kwa muda mrefu kuliko ninavyopenda kukiri.

Jioni.

Nimemwambia.

Alikuwa ameketi, anafunga viatu. Nilimsomea mihtasari yote miwili, kisha nikamwonyesha saini kwa kidole.

"Ulisema wewe?"

"Nilisema mimi, mjomba."

Alikaza kifuniko cha lile dumu la asali. Nilitaka anigombeze. Mama yangu angenigombeza mpaka majirani wachungulie.

"Haya," akasema. "Nimesikia."

Akavua viatu tena, akaenda uani kunawa miguu.

Ukurasa wa mwisho wa ule muhtasari wa Kiingereza unasema ridhaa inaweza kupingwa kabla mwezi haujaisha, kwa barua ya Kiingereza, na barua ipelekwe kwa mradi wenyewe. Yaani nikamshtaki mtu kwake. Nakala naipeleka pia kwa hao wa ng'ambo wanaoukagua mradi, ambao anwani yao imeandikwa kwa herufi ndogo kama za kwenye pakiti ya dawa ya panya. Siwaamini. Naandika hivyo hivyo, kwa jina langu kamili, kwamba walichonacho ni ridhaa hewa na aliyeitengeneza ni mimi. Sidhani kama kuna mtu atanipa tena kazi ya ukalimani hapa Tabora, na pengine ndivyo inavyopaswa kuwa.

Aya ya kwanza imekaa sawa. Ya pili ndiyo imenikwamisha, pale ninapotakiwa kuwaeleza maana ya haya. Nimefuta mara sita. Kila neno la Kiingereza ninaloshika linataka liwe ndiyo au hapana.

Mjomba amerudi ndani, anakohoa, ameomba chai. Hajaondoka, na basi la mwisho limeshapita. Huenda amenisamehe. Huenda anangoja tu kupambazuke aende akawaambie wenzake kijijini.

Ameniambia haya, na mimi mkalimani sijui amesema nini.