Mama Hakumbetulia Pipi Mdomo

Nyumbani kwa Mama,
Chumba cha cherehani,
Jumapili, baada ya chai.

Mpendwa mdogo wangu,

Salamu nyingi kutoka kwetu sote uliotuzimia simu. U hali gani huko? Kazi inakwendaje, na kile kifua chako kimepoa au bado kinakusumbua na baridi? Mimi mzima, shemeji yako mzima, wapwa zako wanarefuka na kula kama mchwa. Ya mama nitakueleza. Kaa chini kwanza.

Naandika kwa kuwa simu hupokei na ujumbe wangu husomi. Barua huwezi kuikata katikati, ukitaka usitake. Najua kilichokuudhi. Siku ile ulimpigia mama kwa video umtambulishe mchumba wako, huyo unayemwita Pipi. Mama akamtazama, akabetua mdomo upande mmoja, akasema, "Hihi!" Pipi akainuka akaondoka, nawe ukakata. Kisha ukaniandikia kwamba mama kamdharau mtoto wa watu, na hutaki kutusikia tena. Hata mimi niliyekuwa jikoni niliisikia ile hihi, nikasema moyoni, leo mama katuaibisha.

Mdogo wangu, mama hakumcheka mtu. Uso wake ulikuwa umeshaanza kupooza, na hakuna aliyejua, hata yeye mwenyewe.

Asubuhi hiyo alilalamika kwamba nyuma ya sikio panamuuma. Alipokaa kushona, pini alizozibana mdomoni zikamdondokea mapajani, akazilaani pini. Chai ikamtiririka kidevuni, akakilaani kikombe. Wewe unamjua, kosa haliwi lake hata siku moja.

Baada ya simu yako akajilaza kwenye kochi. Nikaingia kuchukua mkasi, nikamkuta kalala chali, jicho la kulia limefumba, la kushoto liko wazi, jeupe tupu, mboni haionekani. Nilijua ametutoka. Nilipiga ukelele mpaka jirani yetu, fundi redio, akaingilia dirishani na mlango upo wazi. Na marehemu wangu akaamka akauliza nani kafa! Aliuliza kwa nusu ya mdomo. Nusu ya pili ilikuwa imening'inia kama pindo lililofumuka.

Nikasema kiharusi. Fundi redio naye akasema kiharusi. Nilifika hospitali mguu mmoja nina kiatu changu, wa pili nina cha shemeji yako.

Daktari, mama mmoja mnene wa harakaharaka, alimpima mikono na miguu, kisha akamwambia, "Inua nyusi, mama, kama umetajiwa bei." Upande wa kulia wa paji la uso ukajikunja. Wa kushoto ukabaki laini, kama umepigwa pasi. Mimi nikaanza kulia, na daktari akafurahi! Nusura nimrukie. "Tulia, dada," akasema. "Kwa kiharusi, mara nyingi paji la uso hukunjika pande zote, maana linapokea amri kutoka pande zote mbili za ubongo. Likilala na lenyewe hivi, na mikono na miguu iko sawa, tatizo kwa kawaida ni mshipa wa fahamu wa uso."

Mshipa huo, anasema, hutokea nyuma ya sikio pale panapomuuma mama, ukagawanyika matawi: paji la uso, jicho, shavu, midomo, hadi shingoni. Nilidhani misuli yote inavuta mifupa. Kumbe ya usoni kazi yake kubwa ni kuvuta ngozi! Kuna msuli wa mviringo unaolizunguka jicho, ndio unaolifumba, na wa mama wa kushoto umelala, ndiyo maana jicho halifungi. Taya linatafuna vizuri kwa sababu lina mshipa wake mwingine, lakini msuli wa shavu unaokirudisha chakula kwenye meno umegoma, kwa hiyo chakula kinajificha shavuni. Shingo inageuka bila shida, ila ile misuli myembamba iliyo chini ya ngozi ya shingo haikazi upande wa kushoto. Na ule wa paji la uso unaendelea chini ya ngozi ya kichwa kama shuka, ukaungana na mwenzake wa kisogoni. Unakumbuka mama akikasirika kitambaa chake cha kichwani kilivyokuwa kinarudi nyuma chenyewe, nasi tunakimbia? Ndio huo.

Nilikuwa bado nimeduwaa daktari aliposema, "Haya mama, nichekee." Mama akacheka. Mdogo wangu, nywele zilinisimama. Ilikuwa sura ile ile uliyoiona wewe kwenye simu! Kulia kumepanda, kushoto kumekufa, mdomo umebetuka kama wa mtu anayekudharau wewe na ukoo wako wote.

"Sema papai," daktari akamwambia.

"Hahai," mama akasema.

Herufi ya p inataka midomo ikutane kwanza. Isipokutana, hewa inavuja. Nilikaa chini pale pale sakafuni. Tulipotoka nikamuuliza, "Mama, kwenye simu ulimwambia nini mchumba wa mwanao?" Akanishangaa. "Si nilimwita jina lake nikamchekea? Mzuri yule binti. Kabla hajaniitika, mtandao ukakatika."

Nikamjibu ndiyo, ni mtandao. Mpaka leo sijamwambia ukweli.

Anatumia vidonge, jicho linatiwa dawa ya matone, na akilala tunalibandika lifunge. Daktari anasema wengi hurudi sawa, kwa wiki au miezi, ila si wote. Mtaalamu wa mazoezi ya viungo kampa kioo: inua nyusi, fumba macho, jaza mashavu hewa, tamka maneno ya kufunga midomo. Neno kajichagulia mwenyewe! Kila nikipita namkuta anakiambia kioo, "Hihi. Hihi. Fifi." Jana ilitoka "Fipi," akaniita kwa furaha nije nisikie. Kisha akaniuliza, kama anavyouliza kila siku, kama mtandao wa kwenu umetengemaa.

Nimsalimie nani zaidi ya Pipi? Mpe mkono, mpigie magoti ukiweza, umsomee barua hii yote, na hapo kwenye kiatu asicheke sana. Shemeji yako anakusalimu, wapwa zako wanakudai zawadi, fundi redio naye anasema tumlipie dirisha. Mungu akulinde, na hiyo hasira yako akuondolee.

Ni mimi dada yako akupendaye, niliyechoka kuusingizia mtandao.