Bomba Namba Saba

4 Februari

Mwanangu Kifungo,

Salamu nyingi. Mimi mzima, mgongo tu ndio unalalamika, na siku ukinyamaza ujue nimekufa. Wewe je, unakula? Koti lako jeupe la maabara limefika na basi la juzi, na barua nimeikuta mfukoni kama kawaida. Dobi hupekua mifuko kabla hajagusa sabuni, kwa hiyo usiwe na shaka, barua yako haiwezi kulowa mikononi mwangu. Simu usinipigie. Mashine zimenila masikio, naishia kuitikia "ndiyo" kwa kila kitu.

Sasa habari yenyewe. Ghala la baridi limenipa kazi. Wale wafanyakazi wanaoshinda kwenye vyumba vya barafu wanavaa masweta mazito ya manyoya, rangi ya chungwa, na kila wiki masweta mia mbili na arobaini yatakuwa yanakuja kwangu. Nimeongeza mashine ya pili. Bomba la maji machafu nimelitoa nyuma ya nyumba hadi mferejini, safi kabisa, mambo ya kubeba ndoo yamekwisha. Tangu mama yako atutoke sijawahi kuamka na hamu ya kazi kiasi hiki.

Meneja wao amenizawadia sweta moja jipya. Mimi joto la pasi linanitosha, nimekuwekea wewe humu kwenye kifurushi. Huko kwenu mnakaa na viyoyozi, livae.

Baba yako


19 Februari

Baba mpendwa,

Shikamoo. Natumaini mgongo bado unalalamika. Mimi sijambo, nakula, na hongera kwa kazi ya ghala. Nimemsimulia hadi mhudumu wa chai hapa ofisini.

Sweta nililivaa siku ile ile, na limeniletea kesi. Unajua kazi yangu ni kupima maji ya mto. Mwezi huu tumeanza kutafuta kitu kipya, nyuzi. Nguo za poliesta na jamaa zake, pamoja na manyoya ya sweta hili, ni plastiki, na kila zikifuliwa hutoa vinyuzi ambavyo jicho halivioni. Vinaingia mtoni, samaki wanavimeza, na haviozi. Tunachuja maji, tunaweka kichujio chini ya hadubini, tunahesabu. Chupa zangu zilijaa nyuzi za rangi ya chungwa. Bosi alichungulia hadubini, akaniangalia mimi na sweta langu, akasema, "Umejipima mwenyewe." Maabara nzima ilicheka. Kumbe sheria ipo, chumba kile unaingia na pamba tupu.

Basi narudia yote upya. Ila Baba, tangu siku ile situlii. Nikiletewa chai nachungulia kikombe kwanza. Nikikaa kitini najikuta napapasa mikono ya nguo yangu, nachomoa nisichokiona. Naomba sana iwe ni sweta. Nieleze, maji ya mashine zako yakitoka mferejini yanaishia wapi?

Mwanao Kifungo


2 Machi

Mwanangu Kifungo,

Marahaba. Huku salama, na nashukuru kwa kuuliza mgongo kabla ya mfereji.

Maji yanaishia wapi? Mtoni, yanateremka hadi kwenu huko. Tangu lini maji yakapanda mlima? Wewe ulimeza kifungo cha shati la mteja ukiwa na miaka mitatu, mama yako akalia kutwa nzima, kesho yake kikatoka kizima na nikakishona kilipokuwa. Leo unaogopa uzi usioonekana? Acha hizo. Kunywa chai yako.

Masweta yanakwenda vizuri. Mapya yanatoa manyoya sana, mfereji umepata rangi kidogo, ila nguo zenyewe zinatoka kama zimenunuliwa leo.

Baba yako


17 Machi

Mwanangu,

Leo sikuulizi hali.

Fundi baiskeli wa jirani alikuja na mikono yake ya grisi kunipongeza kwa kupata mgeni. Nikamuuliza mgeni gani. Akasema, si binti yako, yule Kifungo, alikuwa hapo nyuma asubuhi na wenzake wawili, wamevaa makoti meupe. Nikamwambia amefananisha. Akasema hawezi kufananisha, wewe ndiye mtu pekee anayechuchumaa na goti moja juu.

Nilikuwa ndani, hatua kumi na mbili kutoka pale. Nilikuwa nakunja masweta. Chai ilikuwa kwenye chupa. Umechuchumaa nyuma ya nyumba uliyozaliwa, umechota maji ya bomba langu, umepanda gari la ofisi, umeondoka. Hata hodi? Koti ulilovaa nilikuwa nimelipiga pasi mwenyewe wiki ile.

Nimemwambia fundi ulikuwa na haraka. Nimedanganya kwa ajili yako, na sijui kwa nini.

Baba yako


24 Machi

Baba,

Shikamoo, na samahani. Nimeiandika samahani hii mara nne na bado ni ndogo.

Nilirudia kipimo nikiwa na pamba kuanzia kichwani hadi soksi. Rangi ya chungwa haikuondoka. Bosi akatutuma tuufuate mto kuelekea juu, kila bomba tulipe namba, tuchote, na tusizungumze na mwenye bomba mpaka tumalize, ili mtu asifunge maji. Nilihesabu nikiomba tupite mtaa wetu bila kusimama. Tulisimama. Namba saba ni lako.

Sauti ya mashine niliisikia. Hata redio yako niliisikia. Nilijua nikipiga hodi nitashindwa kuchota, nitakaa jikoni ninywe chai na wenzangu watashangaa. Kwa hiyo sikupiga hodi. Niliona aibu, Baba, na aibu hiyo sijaimaliza.

Bomba lako lina nyuzi nyingi kuliko yale sita mengine yote yakijumlishwa. Ripoti natakiwa niikabidhi Ijumaa ijayo. Bosi hajui kwamba namba saba ni nyumbani kwetu. Nikifumba macho naona chungwa.

Mwanao Kifungo


29 Machi

Kifungo,

Barua yako nimeisoma nikiwa nimesimama, nikaisoma tena nikiwa nimekaa. Koti hili sikulifua, nimelituma haraka na basi la mchana ili barua ikuwahi.

Andika ni sweta.

Bosi wako mwenyewe alishasema umejipima mwenyewe. Maabara nzima ilicheka, mashahidi unao. Sema ulilivaa hata siku ya mtoni, nani atabisha? Utasemwa kidogo, watasahau. Mimi wakinizibia bomba, ghala watachukua masweta yao kesho yake, na mtu wa umri wangu haanzi upya na beseni. Wenye mabomba sita mengine nao wanamwaga, hata kama ni kidogo. Ng'ambo ya mtaa kuna dobi mwingine bomba lake limepita chini ya ardhi, mmelipa namba ipi hilo?

Nimekulea kwa maji hayo hayo ya sabuni. Ada zako, viatu vyako, hilo koti jeupe la kwanza. Sijawahi kukuomba kitu tangu uzaliwe. Naomba hili moja.

Baba yako


5 Aprili

Baba,

Shikamoo. Nimekaa na kalamu siku mbili. Sentensi yako niliiandika kama ulivyosema. Niliisoma kwa sauti, ilikuwa nzuri, mtu yeyote angeiamini. Nikaifuta.

Nimeandika bomba namba saba, na chini yake nimeandika kwamba mwenye bomba ni baba yangu mzazi. Bosi akaniondoa kwenye kazi ya mto, ufuatiliaji amepewa mwingine. Amesema nimefanya sawasawa. Nilitamani kumtupia hadubini.

Na la dobi wa ng'ambo umesema kweli. Nimemwambia bosi, ameliandika.

Niambie tu kama unakula.

Mwanao Kifungo


11 Aprili

Koti lako hili hapa, limefuliwa na kupigwa pasi.

Maafisa walifika jana. Nimepewa siku sitini niweke kichujio, la sivyo bomba linazibwa. Hawakuniuliza jina. Kwenye karatasi zao nimeandikwa kama ulivyoniandika wewe.

Bomba Namba Saba


20 Mei

Baba mpendwa,

Shikamoo. Makoti mawili yamerudi na mifuko mitupu. Nilipekua hadi mishono. La tatu limerudi na barua yangu ya tarehe tatu Mei, bahasha haijafunguliwa, lakini umeipiga pasi. Hata kona ulizinyoosha. Nilicheka, halafu nikaenda kulia chooni ili mhudumu wa chai asinione.

Hii siitii kwenye bahasha. Naikunja tu, macho yako yaponyoke yenyewe. Habari za kichujio siandiki hapa, zote zimo kwenye ile uliyoirudisha, na nimeihifadhi. Hapa nauliza mambo mawili tu. Mgongo vipi? Na ukimya huu unaonifanya nisitulie kila basi linapoingia, utauondoa lini?

Mwanao Kifungo


31 Mei

Kifungo,

Mgongo upo.

Nitakueleza jambo, na usimsimulie mhudumu wako wa chai. Nilijiwekea kichujio mwenyewe, bila msaada wa mtu. Nilichukua kitambaa kizito, nikakikunja mara tatu, nikakifunga mdomoni mwa bomba kwa mpira wa baiskeli. Nikamwita fundi aone. Tulisimama pale tukisifia kama watu waliojenga daraja. Wiki iliyopita maafisa walipima, nikawasubiri kwa kifua mbele. Jana wakarudi na karatasi. Nyuzi zimezidi za mwanzo, na sasa zipo za chungwa na za kijani.

Yule afisa alikivuta kitambaa, akakikung'uta, akaniuliza nimekitoa wapi. Nikamwambia sebuleni, ni lile pazia letu la kijani. Akasema, "Mzee, hili lenyewe ni poliesta." Miaka thelathini na moja nashika nguo, mwanangu. Nikishika shati gizani nakuambia limefumwa kwa uzi gani. Pazia langu mwenyewe sikulishika, nililing'oa tu kwa hasira.

Zimebaki siku tisa. Nirudishie ile barua niliyoipiga pasi.

Baba Kifungo


3 Mei (niliyorudishiwa, naituma tena 2 Juni, na basi la kwanza)

Baba mpendwa,

Shikamoo. Najua umekasirika, kwa hiyo nitasema haraka kabla hujaikunja.

Kichujio kiwe pamba tupu, iliyofumwa kwa kubana, tabaka mbili. Ukitumia chochote chenye poliesta kitamwaga nyuzi zake chenyewe. Usichukue pazia la sebuleni. Nakujua.

Mashine zijaze vizuri, maji yawe ya baridi, na usizizungushe muda mrefu. Sweta ambalo halijachafuka waambie ghala wasilete. Kitakachokamatwa usikisuuzie mferejini, kikaushe, kiende na takataka. Pamba haitazuia zote, Baba, zile ndogo zaidi zitapita, sitaki kukudanganya. Lakini nyingi zitabaki.

Nimekukosa. Koti likipigwa pasi na mtu mwingine linanikaa kama la kuazima.

Mwanao Kifungo


18 Juni

Mwanangu Kifungo,

Salamu nyingi, na marahaba zote nilizokunyima tangu Aprili. Uko salama? Unakula? Ulipoandika "nakujua" nilicheka peke yangu hadi fundi akaja kuuliza kama nina homa.

Shuka la mama yako unalikumbuka, lile jeupe zito alilokuwa haruhusu mtu alalie? Nimelishika safari hii, kwa vidole vyote. Pamba tupu. Nililikalia siku nzima kabla ya kulikata, nikamwomba radhi kwa sauti. Nililifunga bombani tarehe tano. Jioni nikalifungua, baada ya masweta ya mzigo mmoja tu, na ndani kulikuwa na donge la chungwa kubwa kama ngumi yangu.

Nilikaa chini pale pale nyuma. Kifungo, maisha yangu yote nimejua kazi yangu ni kuondoa uchafu. Kumbe nilikuwa nauhamishia kwenu. Nimepiga hesabu ya madonge kwa wiki zote zile nikashindwa kula. Sasa na mimi nachungulia kikombe.

Ghala wamegawa masweta, nusu wamempelekea dobi wa ng'ambo, kwa kuwa yeye bomba lake halionekani na hachelewi. Nilikwenda kumwonyesha donge langu kwenye kopo. Aliniangalia kama mtu aliyechanganyikiwa, akafunga dirisha. Nitarudi kesho. Siwezi kukaa.

Maafisa wameliona shuka, wamekubali nisizibiwe mpaka wapime tena. Alhamisi atakuja mwenzako na chupa zake. Sijui zitasema nini, na ninaogopa kama mtoto anayesubiri matokeo. Zile ndogo zinazopita nazifikiria kutwa. Sweta langu usilifue ovyo, likung'ute tu.

Najua wewe huruhusiwi tena kuchota hapa. Basi njoo bila chupa. Yeye atapitia nyuma. Wewe pita mbele, na hata ukiona mlango uko wazi, piga hodi. Nataka kuisikia.

Koti nimelifua kwa mikono.

Baba yako, mwenye bomba namba saba