Kadi ya Manjano ya Yaya Félicité

Baraka, tarehe 17 Agosti 2003

Yaya, dada yangu mpendwa,

Pokea salamu zangu nyingi, wewe, shemeji Norbert na watoto wote hapo Kigoma. Mnaendeleaje? Kile kikohozi cha Aline kimepona? Sisi tupo, Mungu anatuchunga. Mama bado analima muhogo wake, ila magoti yanamsumbua asubuhi na hataki kusikia habari ya kupumzika.

Barua yako nimeletewa na mfanyabiashara wa chumvi. Niliposoma kwamba mnataka kuvuka ziwa mje kutuona baada ya miaka saba, nilikimbia kumwita Mama. Umeniuliza sheria za bandari kwa kuwa ndiyo kazi yangu, basi nakujibu kwanza kama muuguzi.

Kila mtu awe na kadi ya manjano ya chanjo, watoto pia. Mchanjwe siku kumi kabla ya safari, si asubuhi ya kupanda boti. Leteni vyandarua, hata Norbert akisema ni mzigo. Mbu wa hapa hawakukimbia vita. Maji mchemshe. Najua utacheka, maana wewe na mimi tulikunywa ya ziwa kwa viganja kule Lweba, tumepiga magoti kwenye mchanga, Mama anaita na sisi tunajifanya hatusikii. Lakini siku hizi kipindupindu kinarudi kila mwaka, na nimeona watoto wakizikwa kwa maji yaleyale.

Watu wa duwane, forodha mnavyoita huko, watafungua mizigo yote. Vitenge vyako vya kuvaa vinapita, ila ukileta vingi wataita biashara. Redio ije na karatasi yake. Usibishane nao. Unakumbuka Baba alipokuwa karani pale, siku Bibi alipofika kutoka Ubwari na kikapu cha ndakala, wale dagaa wakavu, watu wote wakidhani mama mkwe atapita tu? Baba alivua kofia, akamsalimia kwa heshima zote, kisha akamwambia, "Mama, fungua kikapu. Mi iko kazini." Bibi alinuna wiki nzima, halafu akaisimulia habari hiyo kwa majivuno hadi alipokufa. Ofisi ya Baba sasa haina paa. Nikipita pale ni kama bado namsikia akigonga mihuri.

Yaya, nimeandika barua hii mara tatu na kuichana, kwa sababu ya mstari wako wa mwisho. Umesema utaingia nyumba zote isipokuwa ya Marthe, mke wa kaka yetu Albert, kwa kuwa ndiye aliyekuibia kadi yako mwaka 1996.

Si Marthe. Ni mimi.

Ulikuwa umetoka Mboko na mimba ya Aline, miezi minane, ukalala kwa Marthe ili asubuhi uvuke kumfuata Norbert. Mimi nilikuwa mwanafunzi tu, kazi yangu kufagia chumba cha chanjo bandarini. Asubuhi ile nilimkuta Uwamwiza nyuma ya shule, yule niliyekaa naye dawati moja, mtoto wake mgongoni. Siku zile watu wa milimani, kabila lake, walitafutwa nyumba kwa nyumba wauawe. Hakulia. Aliniambia, "Constance, jina langu litaniua."

Kadi mpya zilikuwa zimekwisha. Kadi haina picha, ina jina tu. Langu bandari nzima ililijua. Lako la ndoa, wewe uliyeolewa Mboko, hakuna aliyelijua. Nilichukua kadi yako kwenye mfuko ulipokuwa unaoga. Marthe alikuwa mlangoni na sufuria, akaniona. Nilimwambia ni ya kumvusha nani. Akasogea nipite.

Uwamwiza akavuka kwa jina lako. Wewe ukarudishwa. Nilidhani kadi mpya zitaletwa, utapanda boti ya kesho, na boti ya kesho haikuwapo. Ukaenda kwa mtumbwi hadi ncha ya Ubwari, mbali na kwao Bibi, ukajifungulia kwa watu usiowajua, bila chandarua, na ile homa ikamwachia Aline sikio moja tu la kusikilia.

Ulipomwita Marthe mwizi mbele ya watu, nilinyamaza kwa kuogopa askari. Vita vilipotulia, nilinyamaza kwa aibu. Yeye hakunitaja hata siku moja, hata kwa Albert. Mwaka jana nilimwambia kwamba siwezi tena kubeba jambo hili. Akanijibu, "Utaandika siku utaweza. Mi nilishazoea."

Uwamwiza yuko hai, na mtoto wake pia. Nilipata habari kwa watu wa Uvira. Sikuombi useme nilifanya vizuri. Mpaka leo sijui ningefanya nini kingine, lakini nikimfikiria Aline najua nilichokuondolea.

Mkifika, nitakuwa bandarini, kwa sababu mimi ndiye nitakayekagua kadi zenu. Ukitaka kupita bila kunipa mkono, pita, Yaya. Marthe utamkuta juu, kando ya barabara. Tangu siku ile hashuki penye watu wengi. Nenda kwake kwanza.

Mama anawasalimu, hajui bado ninachokuandikia. Amewafugia kuku wawili na kila asubuhi anawahesabia watoto wenu siku. Nisalimie shemeji. Ziwa litulie siku mtakayovuka.

Mdogo wako,
Constance