Darasa la Chumba cha Kufulia

Jumatatu, 4 Machi

Mkuu wa chuo kaniita. Nikadhani ni habari za kustaafu kwangu Desemba. Kumbe anataka shahada mpya, uhandisi na tiba pamoja. Daktari aijue mashine, mhandisi amjue mgonjwa. Eti wazo jipya kabisa. Mimi na shemeji tulilianza miaka ishirini na mbili iliyopita, kila Jumamosi, kwenye chumba cha kufulia cha hospitali.

Andiko la shahada hiyo limfikie msajili Ijumaa ya tarehe 15, kabla ya saa kumi jioni, likiwa na sahihi za wakuu wa vitivo vyote viwili. Ikikosekana moja, basi tena mpaka mwakani, na mwakani mimi sipo. Uhandisi ni mimi. Tiba ni shemeji, mume wa dada yangu. Tangu darasa letu livunjike, tukikutana misibani tunaulizana habari za mvua.

Jumanne, 5 Machi

Nimekwenda kukiona kile chumba. Sasa ni stoo ya vitanda vibovu. Yale masinki makubwa ya saruji bado yapo. Nikasimama mlangoni kama mtu aliyesahau alichofuata.

Tulikuwa na wanafunzi wanane. Asubuhi wa tiba upande huu, wa uhandisi upande ule, wanatazamana kama wakwe. Ikifika saa sita huwezi kujua nani ni nani. Binti mmoja wa udaktari aliungua vidole vitatu akijifunza kuunga nyaya, akakataa kuacha. Kijana wangu mmoja wa uhandisi, pande la mtu, alizimia kwa kuona sindano tu. Shemeji akampepea kwa mtaala wangu, akasema hatimaye mtaala huo umepata kazi. Tulicheka mpaka machozi.

Sijawahi kufurahia kazi vile tena. Naandika hivyo hivyo, maana ndivyo ilivyo.

Jumatano, 6 Machi

Dada kapiga simu. Shemeji kasema hivi: hatashika kalamu mpaka yule muuguzi asafishwe jina, kwa maandishi, kwenye sehemu ya historia ya andiko. Dada hakujua ni muuguzi gani. Mimi najua. Nikamwambia mtandao unasumbua, nikakata simu.

Alhamisi, 7 Machi

Haya, niandike, hapa hakuna wa kunisoma.

Darasa lilitengeneza kitanda cha joto cha watoto njiti. Kilikuwa kizuri, jamani. Tulikijaribu wiki tatu na mwanasesere wa plastiki, joto halikucheza hata kidogo. Siku moja kabla ya kukipeleka wodini, muuguzi wa zamu akakizunguka, akasema: mwalimu, hawa watoto wanakojoa, mkojo utaenda wapi? Nikamjibu tutaangalia. Sikuangalia. Wiki tatu na mwanasesere mkavu, wasomi wazima!

Siku ya nne mkojo ukafika kwenye nyaya. Cheche. Mtoto akaungua kisigino. Alipona, namshukuru Mungu. Kamati ilipouliza, nikasema kitanda kilimwagikiwa maji. Sikusema nani kamwaga. Wao wakatafuta wa kumbebesha lawama, wakampata yule muuguzi, wakamhamishia zahanati ya mbali. Shemeji aliniita mwoga mbele ya wanafunzi. Nami nikasema watu wake hawajui kutunza vifaa. Jumamosi iliyofuata hakuja mtu.

Alikuwa sahihi. Nilikuwa mwoga.

Jumamosi, 9 Machi

Nimemtafuta yule muuguzi, nimempata. Amestaafu, anashona mapazia. Kanitambua kabla sijavua viatu. Hakuacha kushona.

Nikamwomba radhi. Akasema alishachoka kunikasirikia, ile zahanati alikuja kuipenda. Halafu akasema jambo ambalo sikulijua. Asubuhi ile, kabla yangu, alimwambia daktari, yaani shemeji. Daktari akamjibu hayo ni ya wahandisi. "Nikaja kwako mchana. Mwenzio alinituma kwako, na wewe ukaniacha mlangoni."

Nikamuuliza niandike jina lake? Andika, kasema, ila usiniandike kwa huruma. Andika kwamba niliona.

Njiani nilitembea nikitabasamu. Kumbe na yeye! Miaka yote hii ananitazama kwa dharau, kumbe na yeye. Nilipofika nyumbani tabasamu likanigeuka, nikaona haya. Mama wa watu anahesabu miaka ya zahanati, mimi nahesabu magoli.

Jumatatu, 11 Machi

Nimeandika historia mara tatu. Ya kwanza ina jina la shemeji, tena kwa wino mnene. Ya pili imemtaja kwa mafumbo. Ya tatu inanihusu mimi tu: niliambiwa, nilipuuza, nilinyamaza mbele ya kamati. Nimemtumia shemeji ya tatu.

Nimeongeza na kifungu kwenye mtaala. Mwaka wa kwanza wanafunzi wote, wa pande zote mbili, watakaa wodini miezi mitatu chini ya wauguzi. Na hakuna kifaa kitakachomgusa mgonjwa kabla muuguzi hajakitilia sahihi. Vijana wangu wa kitivo wameguna. Wagune.

Jumatano, 13 Machi

Kimya.

Alhamisi, 14 Machi

Dada kapiga. Shemeji anayo karatasi tangu jana, anaisoma, anaiweka, anaichukua tena. Chakula hataki. Akaniuliza nimemwandikia nini mume wake. Nikamwambia sijamwandikia yeye, nimejiandikia mimi. Akasema nyie wawili mtanimaliza.

Nimemkumbuka shemeji leo kuliko nilivyowahi kumkumbuka. Ajabu, mtu anaishi mtaa wa pili.

Ijumaa, 15 Machi

Saa tisa alasiri shemeji kabisha hodi ofisini kwangu, mwenyewe, kwa miguu yake. Amezeeka. Bila shaka na yeye kaona hivyo hivyo.

Hakukaa. Akauliza kama yule mama alinieleza yote. Nikasema yote. "Kwamba aliniambia mimi kwanza?" Nikasema ndiyo, shemeji. Akauliza mbona basi sikuandika. Nikamjibu lile si langu la kuandika.

Kisha akavuta kiti, akaomba karatasi. Nikamsogezea fomu ya sahihi. Akaisukuma kando. Kasema karatasi tupu, na yeye aandike lake.

Naandika haya yeye akiwa ng'ambo ya meza. Mwandiko wake mbaya vile vile. Mara mbili kavua miwani akajifuta macho, nami nikajifanya natafuta kitu kwenye droo. Katibu wangu kachungulia, kanionyesha saa. Ni saa kumi kasoro dakika saba, na ofisi ya msajili iko ghorofa ya tatu. Fomu haijaguswa. Shemeji yuko ukurasa wa pili. Nimemwongezea karatasi.