Kengele Mezani Pangu

Jumatatu, 3 Februari

Nimepigwa ngumi kazini. Mimi! Mtafiti mzima na koti langu jeupe, nimeshonwa nyuzi tatu mdomoni.

Nilikuwa nampima kumbukumbu Nyundo, bondia mstaafu, yule aliyemfundisha mdogo wangu masumbwi. Maneno matano: funguo, mkate, paka, mvua, shati. Nikatega saa ya mezani. Muda ukaisha, kengele ikalia — na mzee ambaye hata jina la mkewe limempotea akainuka kama kijana, kidevu chini. Ngumi ya kushoto ilinikuta nimefungua mdomo kumwambia asante. Mkewe akamning'inia mkononi, analia: mwache, baba, huyo ni daktari! Yeye kasimama tu, anangoja nihesabiwe mpaka kumi, kama bondia aliyeangushwa.

Nina hasira, lakini si naye. Miaka yote hii natafiti usahaulifu, halafu namwekea bondia kengele. Mjinga mimi.

Jumatano, 12 Februari

Nyundo amekufa. Mkewe alimkuta mbele ya kioo cha kabati, anapigana na mzee aliyemo ndani. Kioo kikapasuka, naye akaendelea kupiga. Kipande kikamkata mshipa. Damu mpaka ukutani.

Ubongo alituachia sisi watafiti mwenyewe, alisaini zamani akili ikiwa timamu. Nimeupokea kwa mikono yangu.

Mdogo wangu amelia kama mtoto. Kisha akabeba mkoba, huyo, mazoezini!

Jumanne, 11 Machi

Ubongo wa Nyundo umeshakuwa mgumu kwenye dawa ya kuhifadhia. Leo nimeukata, kisu kirefu, slesi kwa slesi. Umenywea vibaya. Kwenye darubini madoa ya kahawia yamejazana ndani ya mikunjo, yamezunguka mishipa ya damu. Uzee peke yake haufanyi hivi. Ni vipigo.

Nilitoka nikaupiga ukuta wa choo teke. Kidole kimevimba. Jumamosi mdogo wangu anapanda ulingoni!

Jumatano, 12 Machi

Nimemleta mdogo wangu maabara. Nikamshika shingo, nikamwinamisha kwenye darubini. Tazama! Huyu ni mwalimu wako! Akatazama sana, akauliza kama ilikuwa inauma. Nikamwambia ubongo wenyewe hauumi, ndiyo ubaya wake. Akacheka: "Dada, huyo alipigwa. Mimi ndiye ninayepiga." Mkuki kwa nguruwe!

Nikampa yale maneno matano, eti mchezo. Tukanywa chai, tukamsengenya shangazi. Kisha nikamuuliza. Funguo... mkate... Akakuna kichwa. Halafu akapandwa na hasira, akapiga meza, chupa zikavunjika: mimi si panya wako! Nikamzaba kibao. Akanitazama kwa huruma — huruma! — akasema hata kibao sijui kupiga. Akaondoka.

Maneno mawili tu. Naye hajafika hata thelathini. Naogopa. Mama asijue.

Jumamosi, 15 Machi

Ameshinda! Tuko chumba cha kubadilishia nguo. Naandika hapa hapa, daftari mkononi.

Raundi ya nne alipokea ngumi ya sikioni, nikaisikia nikiwa kitini. Kengele ilipolia akaenda kuketi kwenye kona ya mpinzani. Watu wakaangua kicheko, wakadhani ni madharau. Nikamkimbilia kocha wake mpya: tupa taulo, pambano lisimamishwe! Akaniambia, dada, kaa chini, kijana anaongoza. Nikalinyakua taulo, akanipokonya, akanisukuma nikaangukia viti. Raundi ya tano mdogo wangu akamtandika yule mwenzake mpaka meno yakaruka. Ukumbi ukapagawa. Na mimi — Mungu anisamehe — nilishangilia.

Sasa tumebaki wawili, kocha kaenda kumwita daktari. Damu inamtiririka puani, hajifuti. Kaniuliza: "Dada, pambano saa ngapi?" Nikamwambia limekwisha, umeshinda. Akafurahi, akanikumbatia, damu yake ikanilowesha koti. Kisha akauliza tena, vilevile. Sasa anajifunga bendeji mikononi.

Huko nje wameshapanda ulingoni mabondia wengine. Mlango hauna kitasa, nimeuegemea kwa mgongo asitoke. Nikamwambia, sema na mimi: funguo, mkate, paka. Anasema funguo. Funguo. Ananitazama kama mtu anayetafuta alikowahi kuniona.

Kengele imelia. Ameinuka, kidevu chini. Namwita kwa jina alilopewa na mama, naye anakuja, ngumi juu —